Saini ya Fundi

Karani wa mapokezi alishazoea mafundi wa kompyuta wanaobofya huku wakipiga soga, lakini mama huyu, fundi aliyeitwa leo, alikuwa wa aina yake. Matangazo ya viatu yalikuwa yameivamia kompyuta ya zahanati, yakifunika majina ya wagonjwa, na foleni ilishafika mlangoni. Mama wala hakuhangaika. Alifungua faili moja baada ya jingine, akinong'ona saini ya kidijitali ya kila moja, jina la kampuni na tarehe, na kila aliporidhika, kidole chake kiligonga meza mara moja. Kwenye faili moja hakikugonga.

"Si lina saini halali, mama?" karani akauliza.

"Saini inaniambia nani kalileta, mwanangu. Haijaniambia limekuja kufanya nini."

Akalifungua kwenye kompyuta yake ya majaribio. Viatu vikachomoza papo hapo. Faili la mwisho lilikuwa na saini ya mama mwenyewe, programu ya kupanga foleni aliyoitengenezea zahanati mwaka jana. Karani akadhani hilo atalipita tu. Mama akashusha miwani iliyokuwa kichwani muda wote, akalikagua mstari kwa mstari, kidole kikikawia hewani zaidi kuliko kwa faili lolote la mgeni.