Mbuzi wa Mulama

Mulama alipopata kazi ya kutengeneza majokofu Kisumu, Kamene alianza kukunja nguo kabla hata hajamaliza kuisikia habari yenyewe. Walikuwa wametoka tu kumaliza chuo cha ufundi, yeye ushonaji, Mulama majokofu, na muda wote waliopendana waliongea jambo moja: kutoka. Kamene alizaliwa mtaa wa Mbotela, Nairobi, akakulia Mbotela, chumba kimoja na wazazi wake. Alitaka mlango wake mwenyewe. Mulama akamtumia picha ya dirisha la chumba alichokwenda kukodisha huko, na Kamene akalishonea pazia kwa kukisia. Mapenzi hayo!

Lakini babake, Mzee Kimanzi, mchonga vinyago, hakuwa mtu wa kutoa binti kimyakimya.

"Kwetu Ukambani msichana hatoki bila mbuzi wa ntheo," alisema. "Mahari inaweza kungoja. Ntheo haingoji. Bila mbuzi hao wewe si mke wa mtu, wewe ni mgeni wake tu."

Mzee akisema neno huku ameshika patasi, huna la kuongeza. Kamene akampigia Mulama: alete mbuzi Jumamosi, maana Jumapili asubuhi wanasafiri.

"Mbuzi tu? Hiyo ni rahisi," Mulama akasema. "Waambie wazee wakae mkao wa kula."

Jumamosi chumba kilifurika. Baba mkubwa Mbaluka alitoka Machakos na kofia yake ya sherehe, mashangazi wakabanana kitandani, na nje mtu akafunga kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo, tayari kwa mbuzi. Mulama akaingia, shati jeupe limepigwa pasi, jasho linamtiririka, gunia moja begani na jingine analiburuta. Akayatua katikati ya chumba, akayafungua. Ilikuwa nyama. Mbuzi watatu waliochinjwa machinjioni Kiamaiko, wakachunwa na kukatwakatwa vizuri, maini yamefungwa kando.

"Nimeona niwapunguzie kazi," akasema, akitabasamu.

Jamani! Mbuzi wa ntheo huja kwa miguu yake mwenyewe, akachinjiwa hapo kwa wakwe, ukoo ukishuhudia. Lakini kijana wa Kiluhya aliyezaliwa mtaani Umoja, hapa hapa mjini, angejulia wapi? Hakuna aliyemwambia. Kamene mwenyewe hakufikiria kwamba hilo ni jambo la kuambiwa mtu.

Mashangazi walinyoosha shingo kuchungulia magunia. Kisha baba mkubwa Mbaluka akasema polepole, "Kimanzi, huyu ametuletea maiti."

Na Kamene akacheka. Tena hakucheka kidogo. Alicheka hadi akashika ukuta, machozi yakamtoka, mashangazi wakadakia, chumba kizima kikawa kinacheka. Haki ya Mungu, hakuwa na ubaya moyoni. Alikuwa ameishi na hofu wiki nzima, ikamtoka kwa njia hiyo. Mulama alisimama pale na damu ya mbuzi imemchafua bega. Akajaribu kucheka nao. Kisha akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Jioni mzee alilainika. "Kijana hakujua," alimwambia bintiye. "Nendeni. Krismasi aje na mbuzi walio hai, tutayamaliza." Kamene alimrukia akamkumbatia. Akampigia Mulama, simu ikaita tu. Akajiambia anafunga mizigo.

Asubuhi alimkuta kando ya basi la Kisumu. "Baba amekubali!" akapaza sauti akiwa bado mbali. "Mulama, amekubali!"

"Sikuwa nangoja babako," Mulama akasema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Wazee wanicheke, sawa, sijui mila yao. Nilikuwa nakuangalia wewe. Nilikuwa nangoja uje usimame karibu na mimi."

"Nilikuwa naogopa. Naapa, nilicheka kwa kuogopa."

"Naamini. Lakini Kisumu simjui mtu, Kamene. Nikikosea tena huko, nitamwangalia nani?"

Akamshika mkono, akauachilia, akapanda. Kamene aliita jina lake dirishani, mara ya kwanza taratibu, halafu kwa nguvu bila kujali watu. Mulama alikuwa ameinamisha kichwa. Basi likaondoka. Msichana alibaki amesimama hadi kondakta wa basi jingine akamuuliza, "Dada, unaenda wapi?" Moyo ulimuuma hadi akaona afadhali achuchumae chini, pale pale kwenye vumbi la stendi.

Akarudi Mbotela kwa miguu, begi likimvunja bega. Mamake, Nthoki, aliyekuwa amelia tangu alfajiri kwa sababu binti ameolewa, alikuwa mlangoni akiosha vyombo. Alipomwona akaacha kila kitu, akajipangusa mikono, akatabasamu kwa furaha ya kumwona tena.

"Umesahau nini, mwanangu?"

"Sijasahau kitu, mama," Kamene akasema. "Ameenda."