Ukuta wa Mama Ndani ya Sidii

Baba mdogo wangu hajui kuchora hata yai. Naliweka hili mwanzo kabisa, maana kuna kitabu kilichosema kwamba yeye ni mchoraji aliyejifunza mwenyewe bila mwalimu, na picha yake ikawekwa ukurasa wa kwanza, ameshika brashi kama mtu aliyeazima mwiko wa jirani.

Aliyejifunza bila mwalimu ni mama yangu. Baba alikuwa fundi boti pale Mbamba Bay, na rangi za mafuta zilizobaki kwenye makopo mama hakuzitupa. Alitafuna ncha ya kijiti mpaka ikawa na nyuzi, akachora usipa wachache, wale dagaa wa ziwani, juu ya dirisha la jikoni. Usipa wakaongezeka. Wakafuata wanawake wanaowaanika, watoto wanaoogelea, kuku, padri juu ya pikipiki. Baba akirudi jioni alicheka, akasema siku moja tutaamka tumechorwa na sisi.

Baba akafa. Matanga yalipokwisha, mdogo wake akatangaza kwamba anamrithi mama pamoja na nyumba. Mama akamjibu kwamba yeye si kabati. Basi tukaambiwa tufungashe. Baba mdogo akaingia ndani, akatoka na cherehani ya mama kichwani, mbele ya ndugu waliokuwa bado wamekaa uani, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyefungua mdomo. Mama alikuwa mkekani, kichwa kimenyolewa, sisi watoto tumemzunguka na vichwa vyetu vimenyolewa vilevile. Hakulia. Asubuhi ya kuondoka alichukua rangi iliyobaki, akaenda ukuta wa nyuma unaotazama ziwa, akayachora hayo yote aliyoyaona, madogo madogo, katikati ya samaki.

Tulikwenda kukaa kwa mjomba, Kingerikiti. Mama hakuchora tena. Ukimuuliza alisema rangi zimekwisha, na zilikuwa zinauzwa dukani pale pale. Nilimchukia baba mdogo kwa hilo kuliko hata kwa nyumba. Nilimchukia nikiwa napalilia, nilimchukia kanisani, na sina aibu kusema hivyo.

Miaka ikaenda, biashara zikafunguliwa. Mji wa Mbinga ukajaa maduka ya watu binafsi, mitumba, vibanda vya video, wanunuzi wa kahawa wenye magari yao. Mimi nikapata kazi ya kuchapa kwenye stesheneri iliyokuwa na kompyuta. Siku moja akaingia kijana wa Dar es Salaam mwenye kamera isiyotumia filamu. Akasema yeye na wenzake wametengeneza kitabu cha michoro, si cha karatasi, ni cha kutazama kwenye kompyuta, kimo ndani ya sidii. Wanataka kukizindua hapa Mbinga, kwa hiyo wanakodi kompyuta yetu pamoja na mtu wa kuiendesha. Mtu huyo ni mimi.

Niliiweka sidii nikaona usipa wa mama. Ukurasa baada ya ukurasa, ukuta wetu, na chini yake jina la baba mdogo. Kumbe kijana alipofika pale akamkuta ndiye mwenye nyumba, akamuuliza nani kachora, na yeye bila haya akasema, "Ni mimi." Nikasogeza mpaka ukuta wa nyuma. Chini ya mtu mwenye cherehani kichwani pameandikwa: "Bwana harusi akimpelekea mchumba zawadi."

Mchumba! Nilicheka peke yangu mpaka tajiri wangu akauliza kama naumwa. Nikabonyeza kukuza. Picha ikasogea, nikaona kile ambacho mama alikiweka kwa ncha ya kijiti na baba mdogo hakujisumbua kukitazama: sikio la kushoto limekatika ncha. Baba mdogo aling'atwa na mbwa utotoni, ufukwe mzima unalijua sikio lile. Nikaizima kompyuta. Nikatuma mtu Kingerikiti amwambie mama ashuke Mbinga, avae kitenge chake kizuri.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa, madirisha yamezibwa kwa magunia ya kahawa ili picha za projekta ya yule kijana zionekane ukutani. Ndugu wa ziwani walikuja na lori. Mama alikaa benchi la nyuma. Baba mdogo alikuwa mbele, ndani ya suti ya mtumba, na alinitazama kama anavyotazama kiti. Kila picha alieleza. Usipa aliwaota, padri alimwona kwenye maono. Watu wakapiga makofi. Nilimwacha ale utamu wake.

Ilipofika ya cherehani, akasema kwa sauti nene, "Hii niliichora kwa mkono wangu, ni kumbukumbu ya maisha yangu."

Nikakuza. Sikio likatokea ukutani, kubwa kama ungo. Mama mmoja wa ziwani akasema, "Jamani, si sikio lake hilo?" Minong'ono ikaanza.

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema.

"Marahaba." Akageuka. "We mtoto wa nani?"

"Mimi ni huyo hapo kwenye picha, mwenye kipara, ubavuni mwa mama. Kama umechora wewe, tueleze hiyo cherehani ni ya nani na unampelekea nani."

Jasho likamtoka, nililiona, na nililifurahia kila tone. Alitazama ndugu zake, wale wale waliokaa kimya uani, nao wakatazama viatu vyao. Alipoona hakuna wa kumtetea, akalipuka.

"Sikuchora mimi! Kachora yule, mama yao! Alinichora hivyo makusudi, anichafue, na ukuta mzima kauchora yeye!"

Akataja jina lote la mama, la ubatizo na la ukoo, akimnyooshea kidole kule nyuma. Kijana wa Dar es Salaam akatoa kalamu, akamwomba alitaje tena taratibu. Watu wote wakageuza shingo kumtazama mama.

Mama alikuwa amesimama. Hakumtazama baba mdogo hata kidogo. Alikuwa anatazama ukuta.

"Mwanangu," akasema, "hebu kuza tena."

Nikakuza.