Kaseti ya Katibu
Penseli haimtoki sikioni katibu wa chama chetu cha kompyuta za zamani. Kila kaseti huizungusha nayo taratibu kabla ya kuicheza. Jumamosi, kwenye maonyesho ya mji wa Geelong, Australia, alitoa kaseti yenye programu aliyoiandika mwaka 1984, ambayo hakuwahi kuirudia kwa hofu ya kuikuta tupu. Akaitia kwenye kinasa kilichoungwa na kompyuta, ikaanza kulia, naye akainua kidole, maana kwetu kompyuta ikisoma kaseti hatembei mtu, mtikisiko usije ukaikatiza.

"Katibu, huo utepe ulishaoza," akanong'ona Trevor, mwenzetu asiyekosa la kusema.

"Funga mdomo, utanitikisia meza."

Dakika nane tulisimama kama milingoti. Kisha skrini ikauliza: JINA LAKO NANI?

Katibu hakugusa kitu. Akamsukumia Trevor kiti. "Haya, mzee wa kuoza, ijibu."