Kamera Mfukoni mwa Kanzu

Wapiga picha wa siku hizi wakikutana hawaulizani habari za nyumbani, wanaulizana lenzi. Nimewaona Jinja, kando ya mto, siku za Jumapili: wamebeba mabegi kama wanaohama nyumba, wote wamemlenga ndege mmoja aliyetua kwenye mti mmoja, na jioni kila mtu anarudi na picha ileile aliyo nayo mwenzake. Nawadharau, wala sioni haya kusema. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mimi nina chumba kidogo cha kupigia picha Nkoma, Mbale. Kamera yangu ni ndogo, na mlango wake wa betri nimeufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Lakini nina jicho. Najua mtu akitaka kulia humeza mate kwanza, na akitaka kucheka hutazama viatu vyake. Hayo hayauzwi dukani.

Ndiyo maana nilichomwa moyo dada yangu alipoolewa, nyumbani kwetu Mpumudde, na baba mdogo akaniambia kazi ya picha kapewa mwingine.

"Kamera yako ni kadogo, bwana. Watu watasema nini? Leo we kaa tu, ukule pilau."

Nikavaa kanzu, nikaitia kamera mfukoni, nikaenda kuketi mkekani karibu na baba, nimenuna.

Bwana harusi alikuwa dereva wa lori, Mkenya aliyesilimu, na baba alimkataa miaka miwili mizima. Mwishowe alikubali, kwa maneno machache, na dada hakujua kama mzee amekubali kwa moyo au amechoka tu. Siku ile yeye alikuwa ndani na wanawake. Yaliyopita mkekani angeyaona kwenye picha.

Fundi wa picha akaja na masanduku matatu. Akarusha na droni, ikapeperusha turubai na kuwatimua kuku wa jirani. Watu wakampisha kama mkuu wa wilaya.

Sheikh akamwambia baba amshike mkono bwana harusi. "Nimekuozesha binti yangu," baba akaanza, akakwama. Akameza mate.

Nikajua. Nikamtazama fundi: kainamia sanduku, anabadilisha lenzi! Mkono wangu ulikuwa mfukoni tayari, kidole juu ya kitufe. Nikauacha humo humo. Nilitaka akose. Nilitaka baba mdogo na ukoo wote waone masanduku yamewafaa nini. Chozi likamtoka baba, la kwanza nililopata kuliona maishani mwangu, likaangukia mkono wa mkwewe, naye akalipangusa kwa kidole gumba, polepole, kama anayempangusa mtoto. Kisha baba akamaliza maneno yake kwa sauti ya chini.

Fundi akainuka. "Sheikh, rudieni hapo kidogo. Taa ilikataa."

"Ndoa hairudiwi, afande," sheikh akamjibu. "Mwenye anarudiwa ni bibi ameachwa."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Baba akakubali kushika mkono tena, kwa ajili ya picha tu. Macho makavu, taya limekaza, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Picha hiyo ndiyo imetundikwa sebuleni kwa dada, Busiu. Ni safi ajabu, unaweza kuhesabu ndevu. Baba alifariki mwaka jana, na baada ya arobaini dada aliniketisha chini ya picha ile.

"Kaka, we ulikaa karibu na yeye. Baba alikuwa na hii sura tu? Alinitoa na hasira?"

Ningeweza kumwambia. Lakini angeniuliza: na wewe mwenye jicho, wewe ambaye kamera haikutoki mfukoni, picha iko wapi? Miaka yote nimewacheka wanaobeba vyombo wasione kitu. Mimi niliona, na chombo nilikuwa nacho.

"Sikuona, dada," nikasema. "Nilikuwa natazama yule wa masanduku."

Nilijidharau pale kuliko nilivyopata kumdharau mtu yeyote mwenye lenzi. Dada akatikisa kichwa, akafuta kioo kwa ncha ya leso, pale penye uso wa baba, akaniuliza kama nitakunywa chai.