Muuzaji Aliyeniuliza Habari za Nyumbani

Nilikuwa nimetunza bustani ya bosi wangu wa Uccle, mtaa wa matajiri huku ugenini, kwa miaka sita aliponiambia: "Nunua bunduki, msimu huu uje tuwinde pamoja." Alikuwa na msitu wake kwenye milima ya Ardennes. Baba yangu alikuwa mwindaji kule Kivu, lakini mimi sikuwahi kumiliki bunduki. Wiki nzima nilimhadithia mke wangu mwaliko ule mpaka akachoka.

Miaka ile ya tisini, kwa bunduki ya kuwindia, kitambulisho kilitosha. Duka lilikuwa karibu na Porte de Namur. Nilivaa suti yangu ya harusi. Muuzaji alinivutia kiti, akanionyesha namna ya kuifungua bunduki na kuhakikisha haina risasi, akaniacha nijaribu tena na tena bila kunicheka. Kisha akauliza: naishi ghorofa ya ngapi? Mke hajambo? Watoto wangapi? Niliwaacha nani nyumbani? Kwetu mtu akikuuliza hivyo anakusalimu, na salamu haijibiwi nusunusu. Nikamweleza yote, mpaka kikohozi cha kitinda mimba wetu na ndugu zangu waliobaki vitani kule Kivu. Aliandika kidogo, nikadhani ni taratibu za duka. Nilitoka na bunduki yangu nikisema moyoni, huyu ni mtu wa watu.

Jumamosi mchana tulikuwa mezani, kwetu Saint-Gilles, mke wangu akachungulia dirishani. "Papa, bapolisi beko ku mulango. Beko quatre."

Wanne hao walijua ghorofa, walijua idadi ya watoto. Swali lao la kwanza lilikuwa: bunduki inapelekwa kwa ndugu gani vitani? Papo hapo nikajua nani kawaambia. Iliniuma sana, na mpaka leo inaniuma. Mnunuzi mgeni lazima ahojiwe, sikatai, bunduki si jembe. Lakini ajue kwamba anahojiwa. Na muuzaji mwenye shaka aseme usoni, "Monsieur, leo sikuuzii." Ningekasirika, ningerudi nyumbani, yangeishia hapo. Yule aliniuzia huku anatabasamu, nilipogeuka tu akainua simu.

"Mpigieni bosi wangu," niliwaambia. "Yeye ndiye aliyenialika."

Mkubwa wao akapiga kwa simu yetu, watoto wakimtazama. Alisikiliza, akashukuru, akaweka simu chini.

"Anasema ana mtu wa bustani, ndiyo. Lakini hajamwalika kuwinda, wala hajui habari ya bunduki yoyote."

Mke wangu alinigeukia, kijiko bado mkononi. "Donc, wiki yote hii ulikuwa unanibongopea?"

Bunduki wakaichukua. Jumatatu asubuhi nilikuwa Uccle, nakata majani ya mtu yule yule aliyenikana, kwa sababu kazi nyingine sikuwa nayo, na nyumbani mke wangu aliamini kwamba mwongo ni mimi.