Feni Iliyosoma Njano

Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi niliufanya kwenye kiwanda kidogo cha kukoboa mpunga, pembezoni mwa mji wa Morogoro. Kila Jumatatu nilizunguka na kipimo cha mtetemo, nikikigusisha kwenye mashine moja baada ya nyingine, kisha nikiangalia jedwali: kijani, iache; njano, ichunguze; nyekundu, izime.

Jumatatu moja feni kubwa ya kufyonza pumba ilisoma njano, karibu kabisa na nyekundu. Wiki iliyotangulia ilikuwa kijani. Mpunga wa Turiani ulikuwa umejaa uani, na meneja alitaka jibu moja tu.

"Inafaa au haifai?"

Mwendeshaji wa feni ile alikuwa mzee wa Kiluguru, aliyeteremka milimani tangu ujana wake.

"Shikamoo, mzee," nikamwonyesha kipimo.

"Marahaba." Akaweka kiganja juu ya chuma. "Mwanangu, hii hutetemeka kila msimu wa mvua. Na njano si nyekundu."

Alisema kweli, jedwali lingeniruhusu kusubiri. Kilichonitisha ni jinsi mtetemo ulivyopanda ndani ya wiki moja tu.

"Naomba tuizime," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kuliko nilivyotaka.

Tukaizima, tukafungua kifuniko. Beringi zinazoshikilia mhimili, ambazo ndizo nilizozishuku, zilikuwa nzima kabisa. Meneja akatazama saa, kisha akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee ndiye aliyezungusha mapanga ya feni kwa mkono. Kila yalipotulia, panga lilelile lilibaki chini.

"Hili zito," akasema. Akachukua kisu, akaanza kukwangua pumba zilizoganda kwa unyevu. Chini yake, pale panga lilipochomelewa, palikuwa na ufa mrefu kama kidole.

Akageuka kutazama nyuma yake. Stuli anayokalia kutwa nzima ilikuwa hatua mbili kutoka pale.

"Lingechomoka hili," akasema taratibu, "lingenikuta nimekaa."

 Meneja akampigia simu mchomeleaji. Alasiri, ufa ulipokwisha kuchomelewa, tukaiwasha. Nilipima mara tatu, mara zote kijani. Nikakaa juu ya gunia, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Mzee akaniletea maji ya kunywa.

"Ukishapumzika," akasema, "ile pampu ya nje nayo uipime. Siku nyingi siielewi."