Chingamu Nyuma ya Geji

Ndege ilikuwa imeshatua. Matairi yako kwenye lami, mimi nimeegemea bawa, lakini geji zake zote mbili za kimo zinasema tuko juu mawinguni.

Wengine wangecheka. Mimi nilitafuta bisibisi.

Ndege yenyewe ni ya shemeji, mume wa dada yangu, rubani anayejipenda kupita kiasi. Alitaka dashibodi ya kizamani, geji za mviringo zenye mishale na fremu za shaba. Katikati akachomeka skrini mpya. Kazi akawapa mafundi wengine, maana mimi fundi wa familia eti nina maswali mengi.

Siku hiyo aliniita anilingishie tu. Akaruka mzunguko mmoja wa majaribio, huku akijisifu kwamba mshale ukidanganya, skrini itausuta.

Sasa vimedanganya pamoja, tena uongo uleule.

Dada alishashika begi, anasubiri kupanda. Waendako kuna milima, na wingu lilikuwa limeshuka. Rubani anayejiona yuko juu kumbe yuko chini, mlima anaukuta usoni.

Nikafungua dashibodi. Geji ya kizamani husoma kimo kwa hewa inayopita kwenye mrija. Skrini nayo walikuwa wameiunga kwenye mrija huohuo. Na pale kwenye kiungio kulikuwa na chingamu.

Ya pinki. Imetafunwa, ina alama za meno. Mtu aliibandika kuziba ufa, joto la skrini likailainisha, ikapenya ndani na kuziba mrija ndege ikiwa angani. Geji zote zikagandia hapo.

Niliivuta kwa vidole, ikarefuka kama kamasi. Mate ya mtu hayo. Yakh.

Shemeji akaruka kimanga. "Ni hao mafundi. Mimi chingamu hata situmii."

Ni kweli hatumii. Ana meno ya bandia.

Dada akatoa chingamu yake mdomoni, akaisogeza karibu na ile niliyoshika. Rangi moja.

"Asubuhi uliniomba nikutafunie," akamwambia mumewe. "Ukasema unaziba kiti kilichochanika."

Shemeji akaanza kupangusa fremu ya shaba kwa leso. "Lakini dashibodi imependeza, au sivyo?"

Dada akatapika palepale, kwenye viatu vya mumewe vinavyong'aa. Kisha akabeba begi lake mpaka kwenye gari langu.

Jamani, ukiona wawili wanakubaliana kila neno, chungulia nyuma kama hawapumui kwa mrija mmoja.

Na mtu akikuomba umtafunie kitu, muulize anakwenda kukibandika wapi.